Kuwaachia matineja wazunguke wenyewe kwenye bustani ya burudani: mwongozo kamili wa mzazi, kuanzia nyumbani mpaka mnapokutana usiku

Nianze na kilichonifanya niandike hii. Mara ya kwanza kumwachia binti yangu alikuwa na miaka 14, yeye na binamu yake wa rika lake, na tulikubaliana vizuri tu, zungukeni, kuleni, saa tatu usiku tukutane getini. Saa tatu ikafika, fataki zimeisha, watu wote wanatoka kwa mpigo kama mto umefurika, simu ya binti haipatikani, ya binamu yake inaita haipokelewi, mimi na baba yake tumesimama getini tunaangalia kila uso unaopita na hatuwaoni. Dakika 50. Kumbe ile bustani ina mageti mawili, wao wapo la upande wa pili wanatusubiri sisi, simu moja imeisha chaji na nyingine ipo kwenye begi imezimwa sauti tangu mchana, na hatua chache tu kutoka walipokaa palikuwa na dirisha la huduma kwa wageni, taa inawaka, dada kakaa ndani. Nikamuuliza mbona hukwenda pale kuomba msaada, akaniambia, "Mama, tulikuwa tumechelewa robo saa, nikajua wakikupigia simu utanigombeza."

Hilo jibu sijalisahau. Simu kuisha chaji ni kawaida, geti tulikosea wote, lakini mtoto kuogopa kuomba msaada kwa sababu yangu, hilo nililijenga mimi nyumbani miaka mingi kabla hatujafika pale.

Kwa hiyo ntaenda hatua kwa hatua kama tunavyofanya sisi siku hizi baada ya safari kadhaa, na utaona karibu kila hatua inarudi palepale: akikwama ajue afanye nini, na asiogope kukifanya. Kumfuatilia kwenye ramani ya simu ni nyongeza tu.

Hatua ya 1: Soma sheria za bustani kabla hujamuahidi mtoto

Hii wengi wanairuka. Unamwambia mtoto mwaka huu mtazunguka wenyewe, anahesabu siku, mnafika getini mnaambiwa haiwezekani. Kila bustani ina umri wake. Zile za Disney za Marekani, yaani Disneyland ya California na Walt Disney World ya Florida, mtoto wa chini ya miaka 14 haingii bila kuwa na mtu wa miaka 14 au zaidi, na wa chini ya miaka 7 hapandi mchezo bila kuwa na mtu wa miaka 14 kwenda juu. Disneyland Paris wao mpaka wao ni miaka 12, chini ya hapo lazima awe na mtu mzima. Alafu kuna zilizobana zaidi. Knott's Berry Farm ya California ilianza mwaka 2022 kutaka vijana wa miaka 17 kushuka chini waingie na mtu wa miaka 21 au zaidi katika siku inazozitaja, na Cedar Point ya Ohio mwaka 2023 ikaweka sheria ya namna hiyo kwa wa miaka 15 kushuka chini kuanzia saa kumi jioni, na huyo msimamizi anatakiwa awepo ndani ya bustani na apatikane kwa simu, sio awaingize watoto alafu yeye aende zake hotelini.

Sheria hizi zinabadilika, hata ndani ya msimu mmoja, kwa hiyo fungua ukurasa rasmi wa bustani wiki ileile ya safari, usitegemee alichokwambia shemeji aliyekwenda mwaka juzi. Kama wanataka uthibitisho wa umri beba paspoti au nakala yake, tineja mrefu na tineja mfupi wote wanaulizwa.

Na angalia tiketi yenyewe inamfikisha wapi. Universal ya Orlando ina bustani mbili zilizounganishwa na treni ya Hogwarts Express, mwenye tiketi ya bustani zote mbili anapanda huku anashukia kule, na Disneyland na jirani yake California Adventure mageti yao yanatazamana kabisa. Mtoto anaweza asiwe amekosea kitu na bado wewe ukawa unamtafuta bustani sio. Sisi tunasema wazi: bustani moja tu leo, na hakuna kutoka nje ya geti hata kama mkono umepigwa muhuri wa kurudi.

Hatua ya 2: Yupo tayari?

Umri unakwambia nusu tu ya habari. Kuna wa miaka 13 ningemwachia kesho na wa 16 nisingemwachia. Mimi naangalia vitu vinne. Anajua namba yangu kichwani, bila kuangalia simu? Anaweza kumfuata mtu mzima asiyemjua akamweleza shida yake kwa sauti inayosikika? Anaangalia saa mwenyewe au mpaka akumbushwe? Na wenzake wakimsukuma afanye kitu asichotaka, anaweza kusema sitaki akabaki na msimamo?

La nne ndo zito, na usimuulize yeye kwa mdomo maana kila mtoto atakwambia anaweza. Mwangalie. Kumbuka mara ya mwisho wenzake walipotaka kitu na yeye hakutaka, aliishiaje?

Alafu usipime mtoto mmoja mmoja, pima kundi. Watoto wawili watulivu kila mmoja peke yake wakikutana wanaweza kuwa kitu kingine kabisa. Wawili ndio idadi ya chini, hakuna kutembea peke yake hata kwenda chooni. Wanne naona ndio idadi nzuri kuliko zote kwa sababu viti vya mashine nyingi ni viwili viwili, na hata wakigawanyika kila mmoja ana mwenzake. Watatu inasumbua, kila mchezo kuna mmoja anakaa na mtu asiyemjua, ikifika jioni ni yuleyule na ameshanuna.

Kama kuna mtoto wa mwenzio kwenye kundi, ongea na mzazi wake mwenyewe, usimwachie mtoto alete jibu. Muulize anaruhusu azunguke bila mtu mzima, ana aleji gani, anatumia dawa gani, tatizo likitokea umpigie nani. Majibu hayo yawe kwenye meseji ili uwe nayo siku hiyo mfukoni.

Na mdogo wao wa miaka 9 anayelia kuwafuata? Hata kama sheria ya bustani inaruhusu, mimi sikubali. Dada mtu anageuzwa yaya, hapandi anachotaka, mdogo hapandi kwa sababu urefu haujafika, na akipotea utamlaumu nani? Abaki na wewe.

Hatua ya 3: Mazoezi madogo kwanza

Siku kubwa isiwe ndo mara ya kwanza. Mwachie saa moja sehemu ya kawaida yenye watu, na muda wa kukutana na mahali, alafu ongeza mpaka mbili. Muagize aende kaunta mwenyewe arudishe kitu kilichokosewa wakati wewe umekaa mbali kidogo. Hii ya kaunta mi naipenda kuliko zote kwa sababu ni zoezi la kuongea na mtu aliyevaa sare, na ndicho binti yangu alichoshindwa usiku ule.

Na ndani ya bustani pia panda ngazi. Kama mna siku mbili au tatu, siku ya kwanza mzunguke pamoja ili wote mjue vyoo viko wapi, huduma ya kwanza iko wapi, wapi kuna kivuli. Mchana wa siku hiyo wape saa mbili ndani ya kanda moja tu. Siku ya pili nusu siku. Usiku ndo wa mwisho kuachia. Kama mna siku moja tu, basi asubuhi pamoja, mchana wenyewe, giza likiingia mnarudi kuwa pamoja, na hilo waambie mapema wasije wakaliona kama adhabu.

Hatua ya 4: Kikao cha makubaliano

Hiki kikao kifanyike jana yake, mmekaa, watoto wote wapo, sio getini watu wakiwa na haraka. Na usiwasomee sheria kama hakimu, waulize wao kwanza, mkiachana mtafanyaje? Utashangaa wanajua mengi, na kitu alichokisema mwenyewe anakishika zaidi.

Muda. Hapa sisi wa Kiswahili tuna mtego wetu. Unamwambia mtoto saa kumi, simu yake inaandika 16:00, na mtoto aliyezoea kusema saa kwa Kiingereza shuleni kichwani kwake anageuza, ukisema saa nne yeye anaona 4 kwenye simu. Imeshatutokea, mtoto kaja masaa sita kabla ya muda akakaa anasubiri. Siku hizi tunaandika kama simu inavyoandika, 13:00, 16:00, 19:30, kila mtu anaweka alamu mbele ya wenzake hapohapo mezani. Alamu iwe dakika 20 kabla ya muda wa kukutana, sio muda wenyewe, kwa sababu kutembea kutoka upande mmoja wa bustani mpaka mwingine kwenye msongamano kunakula huo muda wote.

Mahali. Usiseme getini, usiseme karibu na ngome, usiseme pale tulipokula. EPCOT kwa mfano, moja ya bustani za Walt Disney World, ina lango kuu mbele na lango lingine kwa nyuma, ukisema tukutane getini umewagawa watu hapohapo. Chagua kitu kimoja kidogo ambacho hakiwezi kuwa viwili: benchi lililo chini ya saa kubwa, nguzo ya kushoto ya mlango wa duka fulani. Kiwe na kivuli, kiwe na taa usiku, kisiwe njiani kwenye maandamano au fataki. Alafu mkifika nendeni wote, kila mtoto akiguse kwa mkono wake. Naomba usiruke hili la kugusa, kwenye ramani kila kitu kinaonekana kiko wazi na ukiwa pale chini watu 200 wamekuziba huoni kitu.

Na wekeni mahali pa pili, kama pa kwanza pamefungwa au pamejaa. Pa pili kwetu siku zote ni ofisi ya huduma kwa wageni.

Nani anasimama, nani anatafuta. Kanuni ni fupi: mtoto anasimama, mzazi anatembea. Wote mkitafutana mtapishana usiku kucha. Mtoto akishafika mahali pa kukutana anakaa hapo, haendi kuchungulia, hamtumi mwenzake aende kuangalia kule.

Kuachana. Kundi halivunjiki. Mmoja akitaka kutoka wote wanatoka, mmoja akiumwa wote wanakaa naye. Mmoja akiogopa mashine fulani, anasubiri na mwenzake kwenye mlango wa kutokea, na hakuna anayemcheka. Hili la kutocheka liseme kwa jina la kila mtoto, hasa yule mkubwa mwenye sauti.

Na kanuni ya mwisho, kwangu ndo ya kwanza kwa uzito. Sema kwa mdomo wako mbele yao wote: ukinipigia kwa sababu kuna shida, siku hiyo hugombezwi. Hata kama shida umeitengeneza wewe. Hata kama mlipo nilikataza. Hata kama umepoteza simu yenyewe. Tutaongea siku nyingine tukiwa tumelala na tumekula, lakini siku hiyo nakuja tu. Alafu ulitimize, maana ukimgombeza mara moja hiyo kanuni imekufa na hairudi, na wadogo zake wanaokuangalia nao wameshajifunza.

Hatua ya 5: Simu, na siku simu ikizima

Fanya grupu moja ya WhatsApp ya siku hiyo tu, watoto na wazazi wote. Lokesheni ya moja kwa moja ya WhatsApp ina chaguo tatu, dakika 15, saa 1 na saa 8, weka ya saa 8 asubuhi na mkumbuke kuirudia ikiisha kama siku ni ndefu. Lakini ujue mipaka yake, foleni nyingi ziko ndani ya majengo ya chuma na zege, netiweki inapotea, utaona kidoti kimeganda sehemu moja nusu saa na mtoto hana tatizo lolote, yupo kwenye foleni anacheka na wenzake. Na fataki zikiisha kila mtu anapiga simu kwa wakati mmoja, meseji zinakwama. Simu ya kawaida ikigoma tuma meseji ya maandishi, inaweza kupenya yenyewe mtandao ukipumua.

Badala ya kumpigia kila saa, kubalianeni picha. Sisi kila baada ya saa mbili wanatuma selfi moja ya kundi zima, nyuma yake paonekane walipo. Mi nahesabu vichwa, najua walipo, naona nyuso. Uso unasema mengi, kuna siku niliona mmoja pembeni hatabasamu, nikamwandikia peke yake, kumbe kichwa kinamuuma tangu asubuhi na anaona aibu kuwaharibia wenzake.

Chaji ndo inaua mipango yote. Apu ya bustani, lokesheni, kamera, vyote vinanyonya betri pamoja. Kila wawili wawe na pawabenki moja na waya wake, umeijaribu nyumbani kuona inachaji kweli. Simu ikifika asilimia 30 kamera inapumzika. Na sauti ya simu iwashwe pamoja na mtetemo, mfukoni, sio ndani ya begi.

Sasa fanya kama simu zote zimekufa, maana siku moja zitakufa. Kila mtoto awe na karatasi ndogo ngumu mfukoni, sio kwenye begi, imeandikwa namba mbili za wazazi zikiwa na msimbo wa nchi mbele, jina la hoteli, mahali pa kukutana na muda. Kama mko ugenini iandike pia namba ya dharura ya nchi hiyo, 911 kwa Marekani na Kanada, 112 kwa nchi za Ulaya. Na ajue kwamba mfanyakazi yeyote mwenye sare na beji ya jina anaweza kumpeleka au kumwelekeza kwenye huduma kwa wageni, na pale akisema nimepotezana na mama yangu atasaidiwa bila kulipa kitu, hata akiwa na miaka 17. Matineja wanadhani kupotea ni kwa watoto wadogo tu ndo maana wanaona aibu, waambie wazi kwamba ofisi ile ni ya umri wote.

Hatua ya 6: Pesa na begi

Hapa nipite haraka. Bustani nyingi sasa hazitaki pesa taslimu, kwa hiyo kadi yenye kiasi mlichokubaliana tu, na noti kidogo za akiba kwa mtoto mwingine tofauti, zisikae kwa mmoja. Waambie ile michezo ya kurusha mpira upate mdoli ndio inayomaliza pesa ya chakula, waweke kwanza ya kula pembeni.

Begi moja dogo kwa wawili: maji, losheni ya jua, koti jepesi la mvua, plasta kwa ajili ya malengelenge, pedi hata kama tarehe bado. Kwenye bustani za Disney za Marekani vibanda vya chakula cha haraka vinatoa glasi ya maji ya barafu bure ukiomba, watoto wengi hawajui na wanakaa na kiu. Inhela au dawa ya aleji kali inakaa na mtoto mwenyewe na mwenzake anajua iko mfuko gani. Vidonge vya kuzuia kichefuchefu vingine vinaleta usingizi, asivijaribu kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Hatua ya 7: Yatakayowakuta huko ndani, waambie kabla

Mchezo ukikwama. Unakwama, mara nyingi ni kompyuta yake imeona kitu na kusimamisha kila kitu kwa usalama. Kazi ya mtoto ni kukaa, mkono usiguse mkanda wala chuma kinachomshikilia, asijaribu kushuka hata kama ngazi iko pale anaiona. Asubiri sauti ya wafanyakazi, watawatoa wenyewe mmoja mmoja. Simu isitolewe hapo, ukitoka ndo unampigia mama.

Loka. Rola kosta kubwa nyingi haziruhusu simu wala begi, vinaingia loka, yaani kabati dogo la kufungia vitu. Maana yake kuna vipindi simu haipo mwilini, na wewe mzazi usipopokelewa kwa dakika 40 usianze kulia. Waambie tu kabla ya kuingia waandike neno moja, "loka", mi nikiona hivyo natulia.

Foleni ya mtu mmoja mmoja. Hii ni ya kujaza viti vilivyobaki wazi, ni tamu kwa sababu ni fupi, lakini inavunja makundi. Watoto wanne wanaingia pamoja wanatoka kwa nyakati nne tofauti. Wakiitumia wakubaliane kabla ya kuingia kwamba anayetoka wa kwanza anasimama palepale mlango wa kutokea asisogee hata hatua, hata kama duka la zawadi linamwita.

Kuruka foleni. Mmoja anashika nafasi wenzake watano wanakuja kupenya katikati ya watu waliosimama saa nzima. Bustani nyingi zinahesabu hilo kama kosa la kukutoa nje, na hata lisipofikia huko ugomvi na watu wazima wenye hasira na jua kichwani sio wa mtoto. Chooni waende wote kabla ya kuingia foleni, tatizo limeisha.

Radi. Radi ikianza kupiga karibu michezo ya nje yote inafungwa, kila mtu anakimbilia ndani. Florida wakati wa kiangazi inaweza kuwa karibu kila mchana. Makubaliano: mvua kubwa ikianza mnaingia jengo la karibu kuliko yote, mnatuma jina la jengo, mnakaa. Hakuna kukimbilia mahali pa kukutana kwenye radi.

Watu. Hapa usiwatishe, waeleze tu. Mtu mzima mwenye shida anaomba msaada kwa mtu mzima mwenzake, hamuombi mtoto amsindikize kwenye gari. Mtu mwenye sare ya kweli hawezi kuwatoa nje ya geti "kwenda kuongea na mzazi". Kinywaji ulichokiacha mezani ukageuka ni cha kumwaga. Na mtu akiwaganda, akiwafuata kwenye foleni mbili, hawana haja ya kuwa na adabu naye, wamfuate mfanyakazi wa karibu waseme kwa sauti, huyu anatufuata. Watoto wetu tumewafundisha heshima kwa wakubwa kiasi kwamba wanaona aibu kumkatalia mtu mzima, kwa hiyo mpe ruhusa kwa mdomo wako, mwambie hapo heshima isubiri.

Picha pia, waposti wakishatoka, sio wakiwa wamesimama pale na lokesheni juu yake.

Hatua ya 8: Asubuhi yenyewe

Mkiwa mlangoni piga picha ya kila mtoto, mwili mzima, viatu vionekane. Ukiwa na hofu hutakumbuka alivaa fulana ya rangi gani, na mtu wa usalama hilo ndo swali lake la kwanza. Hakikisha wamekula. Gusa karatasi mfukoni. Nendeni mahali pa kukutana wote mkaguse. Alafu mpe mmoja kazi ya saa na mwingine kazi ya ramani, kwa majina, kwa sababu kazi ya wote huwa haina mwenyewe.

Kisha waache waende. Usirefushe.

Hatua ya 9: Wewe mzazi unabaki wapi

Ndani ya bustani, siku za mwanzo, na usiwafuate kwa kujificha. Wakikugundua, na watakugundua, wameelewa kwamba maneno yako hayana uzito. Simu yako iwe na chaji kuliko yao na usiwe kwenye foleni ya saa nzima sehemu isiyo na netiweki, panda michezo yenu ya taratibu. Wakipiga pokea kwa sauti ya kawaida. Nasema hili kwa sababu mi nilikuwa napokea kwa "kuna nini?!" na mtoto aliyekuwa anataka kuniambia kitu kidogo anabadilisha anasema hakuna kitu mama, nilikuwa nasalimia tu.

Hatua ya 10: Wakichelewa

Selfi isipokuja kwa wakati, dakika 15 za kwanza ni za foleni, usifanye kitu. Dakika ya 15 andika kwenye grupu, piga kila simu mara moja. Dakika ya 30 nenda mahali pa kukutana, mzazi mmoja abaki pale, mwingine aende huduma kwa wageni na ile picha ya asubuhi. Usisubiri kwa kuona aibu kuwasumbua, wao kazi yao ndio hiyo na wana redio za kuongea na bustani nzima. Kama kuna mtoto mwenye ugonjwa au lolote lisilo la kawaida kwenye meseji ya mwisho, hizo dakika hazihesabiwi, nenda hapohapo.

Watoto wajue ratiba hiyohiyo. Wakijua mama dakika ya 30 atakuwa amesimama chini ya saa, hawatatangatanga.

Usiku, kabla ya fataki, tunakutana kabla ya kuanza, sio baada. Hili tulilijifunza kwa zile dakika 50. Tunaangalia pamoja, tunatoka pamoja, na kama wanataka kurudi kupanda mchezo wa mwisho wanarudi kutoka pale tulipo na sisi tunabaki palepale.

Mkirudi

Usiku huo wamechoka, waache walale. Kesho yake au keshokutwa mkiwa mnakula mi huwa nauliza maswali matatu tu. Wapi mlichanganyikiwa njia? Nani alitaka kuachana na kundi na kwa nini? Na la tatu, kuna wakati ulitaka kunipigia ukaacha?

Akisema ndio, usimkatize na usiinue uso haraka. Endelea kula, muache amalize kueleza mpaka mwisho, kisha muulize nini kingemfanya apige.